Swali Langu Limeegeshwa

Sisi watu wa Ngonga, huku Kyela, tumehojiwa mno. Mtafiti akionekana barabarani na begi lake la mgongoni, mama watoto huisukuma pikipiki ghalani, nyuma ya magunia ya mpunga, na redio huingia uvunguni. Hakufundishwa na mtu. Anajua tu kwamba mbele ya safari litakuja swali la mali za kaya, na hajaona mradi uliomsaidia mwenye pikipiki.

Kwa hiyo nilipoalikwa semina ya utafiti Kyela mjini, mada ni rangi, kipato na haki duniani, niliona nimepanda cheo. Jana mhojiwa, leo mdau. Nikavaa koti, kwa joto lile la Kyela.

Viti vya plastiki vilikuwa vichache kuliko wadau. Mara akaingia kijana wa Kizungu, mwanafunzi, rika la mjukuu wangu. Kiongozi wetu mmoja akamwinua bibi aliyekwisha kukaa, akakipangusa kiti kwa leso yake mwenyewe: "Karibu mgeni!" Kijana akaiva uso kama nyanya, akakataa katakata, akaketi sakafuni mlangoni. Bibi naye akasusa kurudi. Kiti kikabaki kitupu katikati ya ukumbi hadi jioni, na mwezeshaji akituchorea mishale kuonyesha ubaguzi wa rangi unavyokaa ndani ya mtu bila yeye kujua. Mimi nilikuwa nimesimama, magoti yananiuma, macho kwenye kile kiti. Nani angethubutu?

Tukaingia kwenye kipato, yaani kakao yetu. Tukaambiwa bei yetu hupangwa na watu wa London na New York, na kwamba mwaka 2024 tani moja ilipita dola 10,000 kabla ya kuporomoka. Yule bibi akanyoosha mkono: "Na mzani wa huku kwetu, mwanangu, unapangwa na nani?" Mwezeshaji akatabasamu, akaandika swali kwenye karatasi kubwa ubaoni iliyoitwa "Maegesho". Maswali magumu, alisema, tunayaegesha kwanza. Kufika mchana yalikuwa yamepanga foleni kama malori ya mpakani Kasumulu, na wala hakukuwa na wa kuyagongea muhuri.

Kilichonitoa uvumilivu ni pale aliposema Unyakyusa, huku kwetu, haujatafitiwa vya kutosha. Haujatafitiwa! Kati ya 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa huku wakiwauliza babu zetu kila kitu, pamoja na nani anakula na nani. Mwaka 1951 Monica akatoa kitabu kizima juu ya vijiji vyetu vya marika: mvulana akifika miaka kumi hivi alihama kwa baba, akajenga kibanda na wenzake, ila chakula aliendelea kula kwa mama. Wa kwangu ana miaka 27. Ameshika nusu ya mila, hiyo ya chakula.

Basi nikanyoosha mkono nikaeleza hayo, nikaongeza la Archie Mafeje, Mwafrika Kusini mweusi aliyeandika kitabu pamoja na huyo huyo Monica mwaka 1963. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa kazi ya kufundisha, serikali ya makaburu ikakunja uso, chuo kikamnyang'anya. Wanafunzi wakagoma, wakaliteka jengo la utawala, wakalala humo. Baadaye Mafeje akaja kufundisha Dar es Salaam. Nikauliza: katika miaka yote hii ya kuulizwa, zamu yetu ya kuuliza ni lini?

Ukumbi ukatulia. Hata kijana wa sakafuni akaandika. Mwezeshaji akasema, "Ahsante sana mzee wetu, mchango mzito," akachukua kalamu, akaniegesha chini ya mzani.

Jioni tulisaini karatasi za nauli. Waliotoka mbali wakiwa na kompyuta zao walikuwa na karatasi yao, ndefu, wakaigeuza haraka. Yetu ilikuwa na safu ya "kazi"; msichana wa chuo alikwisha kunijazia: mkulima. Miaka 34 ya chaki, basi.

Huyo huyo msichana akanifuata mlangoni. "Shikamoo baba. Simulizi yako imenigusa. Kesho naweza kuja nyumbani? Nina dodoso fupi tu, kurasa kumi na nne."

"Marahaba. Karibu sana, mwanangu," nikamwambia.

Alipogeuka, nikatoa simu. Mama watoto akapokea kabla haijaita mara mbili.

"Pikipiki," nikasema.

"Na redio?"

"Na redio."