Mbuzi na Ndoo

Hapa Kihurio, mbuzi akiingia kwenye mchicha anashtakiwa kama mtu: amekula, ametoroka, hana adabu. Hata kiroboto, na hiyo ki- yake, hupewa a- ya heshima. Ukisema "kifaru kimepita", wazee watauliza vita vimeanzia wapi, maana hicho ni cha jeshi. Yule wa Hifadhi ya Mkomazi, jirani yetu, amepita.

Kisha mtoto anaingia kidato cha kwanza, na Kiingereza kinamvua mbuzi hadhi yote. Sasa ni "it", ndugu yake ndoo. Ila mbwa wa Mzungu ni "he", ana jina na daktari. Na meli, chuma kitupu, eti "she". Mpwa wangu aliandika "she" kwa mbuzi wa bibi yake, akapigwa mkasi mwekundu. Nikamwelekeza: ujue kwanza jinsia, halafu uulize kama mwenye mnyama anampenda.

"Na tembo aliyemaliza mahindi ya bibi, mjomba?"

Bibi akadakia toka jikoni: "Aliyekwambia alikuwa mmoja ni nani?"