Shangazi wa Ng'ambo ya Songwe

Watu wa Kyela hatuhitaji ndege kwenda nje ya nchi. Wapo waliokwenda wakiwa wamelala. Mto Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi, una tabia ya kuhama mkondo mvua zikikolea. Unakata kona hapa, unachimba njia mpya pale, na shamba la mpunga lililolala Tanzania linaamkia upande wa pili. Serikali mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo, na mto haujawahi kuhudhuria kikao. Ziwa nalo lina yake. Sisi tunaliita Nyasa na tunasema mpaka umepita katikati ya maji. Wenzetu wanaliita Ziwa Malawi, na kwa kushikilia mkataba ambao Waingereza na Wajerumani walitiliana saini mwaka 1890, wanasema mpaka uko ufukweni kwetu. Kwa hesabu yao, mtu anayeoga pale Matema yuko ughaibuni na sabuni yake, tena bila muhuri.

Kwa hiyo kutoka si kazi. Kazi ni kupata kazi.

Mimi ni fundi ujenzi. Najenga kwa matofali ya kuchoma, napiga lipu, namwaga jamvi, na nikibanwa sana naezeka, ingawa mimi na bati hatupendani. Kwetu nyumba hupanda kwa kokoa. Mnada ukienda vizuri watu wananunua saruji. Ukisuasua, ukuta unaishia kwenye lenta na mbuzi wanapata pa kuotea jua. Mwaka 2023 mbuzi walikuwa wengi juu ya kazi zangu. Nikaikumbuka MV Mbeya II, ile meli ya abiria ambayo iliundwa huku huku, bandarini Itungi, na kampuni ya Songoro kutoka Mwanza. Kama mtu wa Ziwa Victoria aliweza kuja kuunda meli Ziwa Nyasa, fundi wa matofali angeshindwaje kuvuka daraja la Songwe?

Wazee wetu hawakupata taabu hii, maana wao kazi iliwafuata nyumbani. Shirika lililokusanya watu wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, Witwatersrand Native Labour Association, ambalo midomo ya huku ililisaga likatoka Wenela, lilichukua vijana wa Rungwe, enzi hizo Kyela ikiwa ndani ya Rungwe. Ulipimwa afya, ukatia dole gumba, ukasafirishwa, ukateremshwa shimoni. Wengine walijiendea wenyewe mpaka migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Uhuru ulipofika, Tanganyika iliufunga mlango wa Wenela, haikutaka jasho la watu wake liwanenepeshe makaburu. Babu yangu alirudi na sanduku la bati, baiskeli, na lugha ya migodini inayoitwa Fanagalo, ambayo alikuja kuitumia kwa ng'ombe tu. Walimtii.

Ungedhani zama hizi za jumuiya mambo yamelainika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina soko la pamoja tangu mwaka 2010, na ndani yake mna habari ya wafanyakazi kuvuka mipaka. Kongo iliingia mwaka 2022, Somalia ikakamilisha uanachama mwaka 2024. Malawi haimo. Maana yake kwa makaratasi nina undugu zaidi wa soko na mwenye nyumba wa Mogadishu, ambako hata basi lake silijui linapandiwa wapi, kuliko na mtu wa ng'ambo ya Songwe ambaye jogoo wake ndiye anayeniamsha. SADC tumo wote, lakini kibali cha kazi kinabaki kuwa kibali cha kazi. Nasi si malaika: Julai 2025 serikali yetu iliorodhesha biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya, hata kutengeneza simu imo.

Ndiyo maana pale mpakani Kasumulu hakuna anayekwenda kufanya kazi. Simama kwenye foleni usikilize. Huyu anakwenda kumsalimia shangazi, yule shangazi yake mgonjwa, na aliye nyuma yake, mwenye begi la misumeno, anawahi msiba wa shangazi. Karonga ya Malawi ingekuwa kweli na mashangazi wengi kiasi hicho, wajomba wasingepata pa kukaa. Zamu yangu ilipofika nikasema shangazi. Afisa akafungua begi, akatoa mwiko, timazi, kamba na pima maji.

"Huyu shangazi anaumwa nini, fundi?"

"Ukuta, mzee."

Akacheka mpaka akakosea mahali pa kugonga muhuri.

Daraja lenyewe si refu, ila linakurudishia saa nzima, kwa sababu Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukitoka Kasumulu saa tatu asubuhi unakanyaga upande wa pili saa mbili. Sijui mahali pengine duniani ambapo fundi anaweza kufika kabla ya muda.

Toka hapo mpaka Karonga mjini ni kama kilomita 50. Kasumulu niliambiwa mgodini wanatafuta mafundi. Mgodi uliosemwa ni ule wa urani wa Kayelekera, na ulikuwa umesimama tangu mwaka 2014, kwa hiyo habari ile ilikuwa imechelewa njiani miaka kama tisa. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, popote nilipoona lundo la mchanga.

Kila mwenye mchanga aliniuliza kwanza habari ya tetemeko. Desemba 2009 ardhi ya Karonga ilitikisika, ikapumzika, ikatikisika tena kwa wiki mbili hivi, na nyumba nyingi za matofali zikalala chini. Hilo nilikuwa na jibu lake, maana Bonde la Ufa ni moja na sisi nasi tunatikiswa. Nikaeleza: kona zishikane, ungio la tofali lisikae juu ya ungio la mwenzake, nondo zipite ndani ya lenta, na lenta yenyewe izunguke nyumba nzima bila kukatika mlangoni. Nilieleza vizuri mpaka mzee mmoja akaita majirani waje wasikie. Nilipomaliza walinipigia makofi. Kisha mzee akaniuliza kwa upole:

"Na ikianguka, mwanangu, tunakupata wapi?"

Nikatoa cheti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa sisi tuliojifunzia juu ya majukwaa: unapimwa kwa mikono yako, unapewa karatasi. Yangu nilikuwa nimeifunga kwenye nailoni mbili. Kwao mamlaka ya ufundi inaitwa TEVETA, na mmoja wa majirani akahisi herufi mbili za mwanzo za cheti changu zimelowa zikafutika. Mzee akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akakiinua kwenye jua. Akasema picha imetoka vizuri. Nikaongeza barua ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri, iliyothibitisha kwamba mimi ni mkazi mwema. Haikusema neno juu ya kujenga. Wakanipa maji ya kunywa na nanasi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa biashara yangu. Miaka yote nilidhani watu wa Kyela wananipa kazi kwa kuwa kuta zangu zimesimama. Kumbe wananipa kwa kuwa wanajua mama anauzia wapi usipa. Lipu ikibanduka, mteja hanitafuti mimi. Anakwenda sokoni, anasimama mbele ya meza ya mama na kuuliza hali kwa sauti ya juu kidogo, na jioni nakuta chakula kimefunikwa na maneno yamefunuliwa. Mteja wa Kyela hana mkataba na mimi. Ana mama yangu. Hicho ndicho kilichoshindikana kuvuka Songwe. Ujuzi ulivuka, mwiko ulivuka, mama alibaki na meza yake.

Nikaishia kuwa saidia fundi. Anayefahamu jukwaa la kazi anajua maana yake: mtu mwenye lenta zake nyingi anabeba ndoo ya udongo kwa kijana ambaye ndevu zake hazijakata shauri. Kijana alijua Kiswahili, kama wengi wa Karonga, na akaniambia kesho nifike saa nane. Nikafurahi, nikalala, nikafua shati, nikafika na saa yangu ikisoma saa nane mchana kasoro dakika chache. Kumbe yeye alimaanisha saa nane ya kizungu, asubuhi. Ukichanganya na ile saa ya darajani, kwa saa yangu niliwahi na kwa saa yake nilichelewa saa tano. Nilijaribu kumweleza, na kila nilivyoeleza nilizidi kuchelewa.

Alinibakiza kwa kuwa zege ilikuwa nyingi. Nikabeba, nikanyamaza, ila macho hayabebi ndoo. Ukuta wa magharibi ulikuwa umeanza kuinamia barabara, kwa adabu, kama unaosalimia wapita njia. Kijana alipokwenda kula nikaegemeza pima maji. Kiputo kilikimbilia pembeni kikagoma kurudi. Nikageuka, kijana yuko nyuma yangu na muhogo mkononi. Akakitazama kiputo, akanitazama mimi, akasema pima maji yangu inasoma kwa saa za Tanzania.

Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekuwa akipepeta mchele uani, alisikia kelele akaja. Hakuuliza habari za ukuta. Aliniuliza:

"Wewe ni Mwa nani?"

Swali hilo lina uzito huku. Majina yetu Wanyakyusa na majina ya Wangonde wa Karonga mengi yanaanza na Mwa, na lugha zetu zinaelewana kiasi kwamba ukitukanwa huhitaji mkalimani. Nikamtajia. Akataka la babu, nikamtajia. La baba yake babu nikasitasita, akanisaidia yeye. Akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na simu, akapiga Kaporo, si mbali na hapo. Ikabainika kwamba dada yake babu yangu, shangazi wa baba halisi kabisa, aliolewa Kaporo, na yuko hai, na anasikia vizuri. Aliniita mjukuu, kisha akamlaani baba yangu kwa msiba fulani ambao hakufika, na hakumaliza mpaka salio likakatika. Afisa wa Kasumulu nilikuwa nimemwambia kweli tupu.

Tangu dakika hiyo nikawa fundi. Hakuna aliyetaka tena cheti. Sasa palikuwa na mahali pa kunishtakia, tena kilomita chache tu, kwa bibi mwenye mdomo. Ukuta wa magharibi ukabomolewa, ukapandishwa upya, lenta ikazunguka nyumba nzima kama nilivyohubiri. Yule kijana akawa saidia fundi wangu, na kwa haki niseme alikuwa mchanganyaji bora kuliko mimi, na hakuchelewa hata siku moja, jambo lililoniudhi.

Malipo tulipatana kwa kwacha, fungu kubwa likisubiri lipu ikauke. Lipu ilikauka Novemba 2023, wiki ile ile ambayo Benki Kuu ya Malawi iliiteremsha kwacha kutoka 1,180 kwa dola hadi 1,700. Mwenye nyumba alinilipa zote, hakubakiza hata tambala. Nilitembea Karonga nzima kama tajiri, nikanunua kitenge cha mama na redio. Nilipofika kwa wabadilisha fedha wa mpakani, watu ambao habari mbaya huwafikia kabla ya redio, walinihesabia shilingi taratibu na kwa huruma, kama watu wanaotoa rambirambi.

Basi nikarudi kwenye kokoa na mbuzi. Mwaka 2025 ukaingia ule ugomvi wa mazao. Machi Malawi ilizuia mchele wetu usiingie, pamoja na ndizi, tangawizi, unga na mahindi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao. Nikawaza kwamba mchele wa Kyela unajulikana kuliko fundi yeyote aliyewahi kuzaliwa Kyela, nao umekwama darajani, seuze mimi. Hatimaye wakubwa walizungumza na zuio letu likaondolewa. Siku si nyingi baadaye nilipigiwa simu niende sokoni haraka.

Nilimkuta yule mama wa Karonga amekaa kwenye kigoda upande wa ndani wa meza ya usipa, ambako mimi mwenyewe siruhusiwi. Bibi wa Kaporo ndiye aliyemwelekeza. Alikuja kununua mchele, na kwa kuwa alikuwa njiani akaja pia na ufa. Ufa ulikuwa kwenye simu, umepigwa picha ya karibu na ya mbali, na mama alikuwa ameshaupitisha kwa wauza nyanya wote. Ulikuwa ufa wa lipu tu, mwembamba, wa kona ya dirisha, ambao saruji ya viraka na nusu siku vingeumaliza. Nilifungua mdomo kusema hivyo.

"Salimia kwanza," mama akasema.

Nikasalimia. Wakaendelea kunijadili, mmoja kwa Kinyakyusa na mwingine kwa Kingonde. Mpaka chai inaisha, ufa nilikuwa nimeuziba bure na nimepata kazi nyingine ya choo cha matundu mawili, kwa bei ya ndugu, nauli juu yangu, pesa ikabidhiwe kwa mama. Mimi nilitakiwa nibebe gunia la mchele mpaka stendi.

"Basi Jumatatu awe ameshafika, saa mbili," mgeni akasema akijifunga kanga.

Mama akaweka chini kikombe, akamuuliza saa mbili za nchi gani.