Tramu, Mifupa na Tume
Watu wa Edinburgh waliahidiwa tramu ya kutoka uwanja wa ndege mpaka Newhaven, ufukweni kabisa. Mwaka 2014 ikaja kweli: kilomita 14, pauni milioni 776, ikaishia York Place, katikati ya mji. Wa Newhaven wakaendelea kupanda basi.

Mwaka huohuo ikatangazwa tume ya kuchunguza kwa nini mradi ulichelewa na kumeza hela kiasi kile. Lord Hardie, jaji mstaafu, akajikalia kitako na mafaili yake. Huku nyuma mafundi wakarudi barabarani kumalizia kilomita 4.7 zilizobaki. Pale Constitution Street, Leith, nje ya kanisa, chini ya lami hawakukuta mabomba tu. Walikuta mifupa ya watu zaidi ya 360, wengine wamelala pale tangu karne ya 14. Sururu chini, wanaakiolojia na brashi zao, mfupa mmoja mmoja. (Hao angalau hawakulalamikia foleni.)

Juni 2023 tramu ikafika Newhaven. Ripoti ya kueleza ucheleweshaji ikatoka Septemba.