Kwa Heshima na Taadhima ya Sabufa

Katika vyombo vyote vya sebuleni, sabufa ndiyo pekee isiyojua uchoyo. Friji humpozea maji mwenye nyumba na wanawe, na feni haipepei mtu aliye nje ya dirisha. Sabufa hununuliwa na mmoja, husikilizwa na mtaa mzima, na umeme wa LUKU anaendelea kununua yule yule. Ukarimu huo hata harusini huupati, maana huko bila mchango hupewi kadi.

Nasaba yake nayo si ya kubeza. Mwaka 1974 kampuni ya Universal ilipotoa filamu ya Earthquake, majumba ya sinema yalifungiwa spika kubwa za bezi, mfumo ulioitwa Sensurround, ili mtazamaji alisikie tetemeko hadi kwenye kiti. Katika jumba moja la Hollywood ulitandazwa wavu chini ya dari, plasta ikibanduka isimwangukie mtu. Sisi wapangaji hatuna hofu hiyo. Dari hatukuwekewa, kinachoanguka ni vumbi la kenchi, nalo huishia kwenye ugali.

Wapo wanaoisingizia kuwa inajigamba. Kweli, boksi limeandikwa wati 8,000 kwa herufi za dhahabu, na PMPO kwa herufi za kutafuta kwa tochi, ilhali kibandiko cha mgongoni kinasema 60. Lakini maneno ni ya boksi. Plagi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 haifikishi hata wati 3,000, kwa hiyo boksi lingekuwa linasema kweli, plagi ingeyeyuka kabla ya kibwagizo.

Na inafundisha adabu. Mafundi wa sauti wanaelekeza hivi: ipandishe sabufa juu ya kochi, pale unapokaa wewe, piga wimbo wenye bezi, kisha tambaa sakafuni ukitega sikio kona kwa kona. Utakaposikia bezi imetulia, hapo ndipo makao yake. Basi baba mzima, anayeamkiwa shikamoo na mtaa wote, anapita kwa magoti nyuma ya mlango huku wanawe wakimhesabia kona. Anapapata: katikati ya njia ya kwenda jikoni. Mama watoto anatoka na sufuria, anatazama mara moja, na sabufa inarudi chini ya meza ya TV. Spika tano zinapangwa mstari mmoja juu ya kabati, za nyuma zikiwa mbele kwa sababu waya haukufika, kila moja imevishwa kitambaa cha kufuma. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, tafadhali. Ukizigeuza, koni moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na bezi inajifia yenyewe.

Ila wema wake hasa uko ukutani. Wimbi la sauti la hezi 43 lina urefu wa mita 8 hivi. Sebule ya mita 4 hulibeba nusu yake: mgandamizo wote hujazana kwenye kuta, katikati hamna kitu. Na mwenye sabufa kaliweka kochi wapi? Katikati. Haisikii bezi, anaongeza sauti. Bado haisikii, anaongeza tena. Upande wa pili, jirani aliyeegemeza kitanda kwenye tofali hilo hilo anapokea mzigo kamili, tena umechujwa, maana tofali huzuia maneno ya wimbo likapitisha dundo tupu.

Halafu ina siri. Sauti iliyo chini ya hezi 80 hivi, sikio ni vigumu kujua inatokea wapi. Mjumbe akiitwa saa saba usiku husimama uani, shingo inazunguka, mwishowe anagonga mlango wa mama wa watu aliyelala tangu isha. Sabufa haijawahi kumchongea mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu jirani, vuta kitanda hadi katikati ya chumba, huenda ukapona. Nawe mwenye sabufa, ukisukuma kochi hadi ukutani utaipata bezi yako hata ukipunguza sauti. Ila fahamu kwamba majirani watalala, na lawama ya kuwanyima muziki itakuwa juu yako.