Sifa za Printa ya Dukani

Lucian, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2, alimtungia nzi sifa ilhali nzi hakumwomba. Basi na printa ndogo ya rangi, ile iliyokaa juu ya kaunta ya duka mjini Mpanda ikiwa imefunikwa kitambaa kama kitoweo kinachomwogopa nzi huyo huyo, nayo inastahili wa kuisemea. Wenyewe wanailaani: inapiga mistari, inakula wino, inavuta karatasi tatu kwa mpigo. Tundu za majenta zikiziba, asali ya Mlele iliyopigwa picha iking'aa kama dhahabu inatoka kijani kama mboga. Mimi naona yote hayo ni malezi. Mfanyabiashara mdogo haangushwi na uhaba wa matangazo. Anaangushwa na ahadi nyingi kuliko mzigo ulioko stoo, na hakuna mfanyakazi anayezizuia ahadi hizo kwa uaminifu kama printa.

Isitoshe, Mpanda ina nasaba na uchapaji. Reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilivutwa hadi huku kwa sababu ya madini ya risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa ikiyeyushwa kufanya herufi za matbaa enzi za kupanga maneno kwa mkono. Mji uliochimba mwili wa herufi sasa unasubiri basi lilete chupa ya wino wa njano. Hapo wakosoaji hucheka: mtu amenunua mashine ili ajitegemee, kumbe amejifunga kwa muuza wino wa Kariakoo! Ni kweli, lakini mashine yenyewe ni mjamaa kuliko sisi tuliokariri Azimio la Arusha. Katika aina nyingi za katriji, njano ikiisha, nyeusi nayo inagoma, hata kama kazi ni barua isiyo na chembe ya njano. Hakuna rangi inayokula peke yake jirani yake akiwa na njaa. Tena ina sponji inayonyonya wino unaomwagwa wakati wa kusafisha hedi, pamoja na kihesabio cha ndani kinachokadiria sponji hiyo imeshiba kiasi gani. Hesabu ikitimia, mashine inajifunga yenyewe mpaka fundi aje kuirudisha sifuri. Ni ofisi ngapi mnazozijua zinazohesabu uchafu wake zenyewe, kisha zikafunga milango?

Pingamizi zito ni la gharama. Ukipiga hesabu ya wino, karatasi na nakala zilizoharibika, kipeperushi cha dukani hugharimu zaidi kuliko kile cha kiwandani Dar es Salaam. Nakubali, na hapo ndipo penye faida. Kiwandani gharama kubwa ni ya kutengeneza sahani za chapa kabla nakala ya kwanza haijatoka, kwa hiyo mteja hushawishika kuagiza 1,000 ili kila moja iwe rahisi. Sasa bei ya mchele wa Mpimbwe wakati wa mavuno, katikati ya mwaka, siyo bei yake mwezi Januari. Mwenye vipeperushi 1,000 atabaki na 800 vinavyomsingizia, vizuri kwa kufungia karanga tu. Mwenye printa alitoa 40, mashine ikagoma, na uongo wake ukaishia hapo. Hata namba ya simu ikikosewa, imekosewa mara 40. Zaidi ya hayo, wino unaolipiwa tone kwa tone hufundisha ufupi. Aliyetaka machweo mekundu ukurasa mzima nyuma ya picha ya kiatu anagundua, chupa moja baadaye, kwamba weupe wa karatasi ndiyo rangi pekee isiyoongezewa wino. Anafuta machweo, anafuta “wateja wetu wapendwa popote mlipo”, anabakiza kiatu, bei na mahali duka lilipo. Wako wanaosomea usanifu chuoni miaka mitatu na hawafiki hapo.

Wengine watauliza kwa nini kuchapa kabisa wakati WhatsApp ipo. Kwa sababu kwenye simu hakuna kinachokwisha. Mwenye duka huweka picha 30 kwa siku kwenye status, watu wanazipitisha kwa kidole gumba bila kuangalia, na baada ya saa 24 zimefutika. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ina ajali yake, lakini ajali yenyewe ina busara: wino wa bei nafuu hauhimili maji, hivyo mvua za Novemba zinazifuta ofa za kiangazi bila mtu kupanda ngazi. (Kwa lebo za chupa za asali sifa hii ni ngumu kuitetea. Tone moja likitiririka kutoka kwenye mfuniko, jina la muuzaji linatiririka nalo. Labda ni asali inayodai isifiwe peke yake.)

Wala mashine yenye matangi ya wino haikutokana na hekima ya wakubwa peke yao. Mafundi wa mitaani walitoboa katriji, wakaunganisha mirija na chupa ubavuni; Epson ikaanza kuuza printa za matangi Indonesia mwaka 2010. Ukarimu wa chupa ulianza na waliochoshwa na ubahili wa katriji.

Limebaki jua. Wino wa bei nafuu ukikaa juani, mara nyingi njano na majenta hutangulia kuondoka, samawati ikabaki nyuma kulinda ukuta. Ndiyo maana karatasi ya mitindo kwenye kibanda cha kinyozi, miezi michache baadaye, huwa na vichwa tisa vya bluu. Mteja anakaa, anavitazama, anasema, “Nipige namba saba,” na hakuna aliyewahi kutoka mle akiwa wa bluu.