Upepo wa Kiangazi

Kijana anayenibeba kwa bodaboda hapa Tanga ana elimu yake ya matairi, na hakuipatia darasani. Ikifika Februari, jua la saa nane linapochoma lami ya barabara ya Muheza, yeye huinama, hubonyeza valvu kwa njiti ya kiberiti, pssss, halafu husimama ameridhika kama daktari aliyeshusha homa.

"Mama, hewa ikipata joto inavimba. Usipoipunguza, tairi linapasuka."

Kuvimba inavimba kweli, na hapo ndipo watu wanapoponzeka. Aliyetengeneza tairi alilijua hilo. Kipimo alichotoa ni cha asubuhi, tairi likiwa baridi. Ukipunguza upepo, tairi linalegea, linabonyea na kunyooka kila linapozunguka, na kule kubonyea ndiko kunakolipika. Jua hulikuta limeshaanza kuchemka lenyewe. Haya, mweleze kijana wangu! Atakuuliza umeendesha pikipiki lini.

Siku moja tulikuwa tunakwenda harusini Pongwe: yeye, mimi (kilo zangu sizitaji, hilo ni baina yangu na Mungu), na sufuria la pilau nililolipakata. Mishikaki hatukuwa, maana sufuria si abiria, ingawa lilichukua nafasi kunishinda. Tulipokaribia kufika, nyuma kukaanza kuyumba. Mara upepo wote ukatoka, sufuria likatangulia mtaroni, mimi nikabaki nimemkumbatia mtoto wa watu kwa namna ambayo mume wangu hajaiona siku nyingi.

Fundi wa pancha, chini ya mwembe, wala hakuhangaika kutafuta msumari. Alituonyesha valvu: imelala upande. Tairi legevu lilikuwa likiteleza kwenye rimu kidogo kidogo huku likiburuta tyubu, mpaka valvu ikang'oka shinani. Kisha akapitisha kidole katikati ya tairi. Kashata zilikuwa zimelika hadi kulingana na vile vinundu vya mpira vilivyojificha kwenye mifereji, ambavyo ukishavifikia, tairi hilo ni la kutupa. Ubavuni, nyufa tupu.

"Lakini fundi, hili jipya! Hata mwaka halijamaliza."

Fundi akafuta vumbi ubavuni kwa kitambaa, zikajitokeza tarakimu nne: 0816.

"Wiki ya 8, mwaka 2016. Ndipo lilipotoka kiwandani."

Kijana akazitazama kwa muda.

"Kumbe! Mimi nilijua namba ya simu ya kiwanda. Nimeipiga sana, haipatikani."