Barua ya Wazi kwa ICCN: Kasongo Yaomba Kutambuliwa Kuwa Pwani

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Kongo ya Kuhifadhi Mazingira Asilia (ICCN), Kinshasa.

Wakazi wa Kasongo na Kabambare, teritori mbili za kusini mwa jimbo la Maniema, wanaipongeza Taasisi kwa Hifadhi ya Bahari ya Mikoko iliyoanzishwa Muanda mwaka 1992, ambayo tangu 1996 imo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, yaani mapatano ya kimataifa ya kulinda ardhi oevu, ikiwa na hekta 66,000. Nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili na pwani ya kilomita 40 hivi imeonyesha busara ya pekee kwa kuulinda Mto Kongo pale unapokwisha, ambapo hauwezi tena kupata madhara mengine.

Mikoko ni miti inayostahimili maji ya chumvi, na mizizi yake iliyotanda juu ya tope hushika udongo na kuwapa samaki mahali pa kukulia, isipokuwa pale inapokatwa ili kuchoma makaa na kukausha samaki haohao. Udongo huo, hata hivyo, una kwao. Lualaba, ambalo ndilo jina la Mto Kongo kabla ya kufika Kisangani, hupita Kasongo ukiwa umekwisha kupokea maji ya Luama kutoka Kabambare, na kila mvua inaposhuka juu ya mashamba yaliyochomwa na mashimo ya dhahabu ya upande wa Namoya, tope huanza safari ya zaidi ya kilomita 2,000 kuelekea hifadhini. Sehemu kubwa hutua njiani, jambo linaloweza kuchukuliwa kuwa mchango wa Maniema katika uhifadhi.

Luama si jina geni kwa Taasisi, kwa kuwa lipo eneo la uwindaji linaloitwa hivyo, yaani ardhi ambayo sheria huruhusu mnyama kuuawa humo kwa kibali. Wanyama bado wanasubiri kuonyeshwa kibali hicho. Misitu ya kingo za mito, yenye mivule ambayo mafundi huchonga mitumbwi na wafanyabiashara hupasua mbao, haikubahatika kuota kwenye maji ya chumvi.

Kwa hiyo inaombwa Kasongo itambuliwe kuwa pwani. Hoja za kihistoria zipo: misafara ya karne ya 19 iliyotoka upande wa Zanzibar ilileta huko lugha ya barua hii, mchele na miembe, na mtu akisimama leo chini ya mwembe mbele ya sahani ya wali, akisalimiwa kwa Kiswahili, hana sababu ya kuitafuta bahari. Kwamba mwembe ni mgeni aliyepewa heshima ya mwenyeji, ilhali mvule ulio mwenyeji huuzwa kama mgeni asiye na karatasi, ni suala ambalo wataalamu wa Taasisi watalichunguza watakapofika, kama barabara itawaruhusu.

Ombi likikubaliwa, hakuna haja ya kuanza na walinzi, magari wala mishahara. Linatakiwa bango moja tu kando ya Lualaba, nalo litengenezwe kwa bati, kwani la mbao litahitaji mvule ukatwe.